Kasi Iliyoandikwa Sandukuni Haikupimwa kwa Rivolva ya Mtutu Mfupi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ushauri uliotolewa na msomaji mwenzangu katika toleo lililopita. Msomaji huyo aliwaambia wenzetu wanaoishi Marekani kwamba mtu anayenunua rivolva ndogo ya kujilinda, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, achague risasi yenye namba ya kasi iliyo kubwa kuliko zote kwenye sanduku, kwa hoja kwamba kinachopotea kwa ufupi wa mtutu kitafidiwa na wingi wa baruti. Sina shaka kwamba aliandika kwa nia njema. Hata hivyo, hoja yake ina kasoro tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa inahusu chombo kinachoweza kuua, si haki kuiacha ipite bila kujibiwa.

Nafundisha matumizi salama ya silaha katika uwanja mmoja wa kulenga shabaha jijini Columbus, Ohio. Miongoni mwa wanaokuja kujifunza wamo walinzi wa usiku, madereva na wenye maduka waliotoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, na wengi wao huja na rivolva yenye mtutu wa inchi mbili hivi, pamoja na sanduku la risasi walilolichagua kwa kusoma namba tu. Ninachotaka kuwaeleza wao na wasomaji wengine ni kwamba katika rivolva ya mtutu mfupi, risasi inayofaa ni ile inayozama kina cha kutosha na ambayo mwenye bastola anaweza kuifyatua kwa usahihi mara tano mfululizo. Kasi iliyochapishwa sandukuni haimwambii mnunuzi lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza tuelewe kasi hiyo inatoka wapi. Risasi ya .38 Special, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika rivolva ndogo, ilibuniwa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, wakati rivolva ya askari polisi ilikuwa na mtutu wa inchi nne, tano au sita. Rivolva za mfukoni zilizokuja kuifanya risasi hiyo iwe maarufu kwa raia ni za baadaye: Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, na Smith & Wesson ikatoa Chiefs Special, yenye nafasi tano tu katika silinda, mwaka 1950. Hata leo viwanda vya Marekani huipima risasi hii kwa mtutu wa majaribio wa inchi nne, wenye upenyo mwembamba wa kupitishia gesi uliowekwa ili kuiga pengo lililopo kati ya silinda na mtutu wa rivolva. Anayesoma katalogi kwa makini ataona herufi ndogo zinazoeleza hivyo. Kwenye sanduku lenyewe mara nyingi hazimo. Mnunuzi husoma kasi ya inchi nne, kisha akaenda kuitumia risasi hiyo katika mtutu wa inchi 1.875, yaani karibu milimita 48.

Pengo hilo nililolitaja linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu watu waliozoea bastola za magazini hawalijui. Katika rivolva, silinda huzunguka nyuma ya mtutu bila kuugusa, na nafasi iliyopo kati yao huwa kati ya milimita 0.1 na 0.25. Kichwa cha risasi kinapovuka kutoka kwenye silinda kuingia mtutuni, sehemu ya gesi inayokisukuma hutoroka pembeni. Ndiyo maana rivolva mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kwa kasi hata zikitumia risasi za sanduku moja. (Ndiyo maana pia mkufunzi yeyote makini atakukataza kuweka kidole karibu na mbele ya silinda, kwa kuwa gesi hiyo hukata na kuunguza.) Isitoshe, urefu wa mtutu wa rivolva hupimwa bila kuhesabu silinda, ilhali urefu wa mtutu wa bastola ya magazini huhesabiwa pamoja na chemba inayokaa risasi. Kwa hiyo anayelinganisha rivolva ya inchi mbili na bastola ya inchi tatu kwa kutazama namba hizo pekee analinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa njia mbili tofauti.

Sasa tuangalie hasara yenyewe. Kichwa cha risasi cha greni 158, sawa na gramu 10.2, chenye tundu puani na baruti ya shinikizo la ziada inayotambulishwa kwa alama ya +P, kimeorodheshwa kwa muda mrefu kuwa na kasi ya futi 890 kwa sekunde, au mita 271. Kikitoka kwenye mtutu wa inchi mbili, kipimo huonyesha karibu futi 800, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa jicho la mtu asiyezoea mambo haya, tofauti ya futi 90 au 100 inaonekana ndogo. Lakini tundu lililo puani mwa risasi limetengenezwa lichanue likifikia kasi fulani, na risasi nyingi za .38 ziko karibu sana na kiwango hicho hata kabla ya kupunguziwa chochote. Zikipungua kidogo tu, tundu halifunguki, na risasi iliyouzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya kuchanua inafanya kazi ileile ya risasi ya kawaida ya mazoezi.

Kwa .357 Magnum, ambayo ndiyo msomaji mwenzangu aliyoisifu zaidi, hasara ni kubwa kuliko hiyo. Risasi hii ilitoka mwaka 1935, na ganda lake lilirefushwa kwa zaidi ya milimita 3 ili lisiweze kuingia katika rivolva ya .38 Special, kwa sababu shinikizo lake la juu linaloruhusiwa ni pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba, wakati la .38 ya kawaida ni 17,000 na la +P ni 20,000. Kichwa chake cha greni 125 kimeorodheshwa kwa futi 1,450 kwa sekunde katika mtutu wa inchi nne. Katika mtutu wa inchi mbili kasi hiyo hushuka hadi karibu futi 1,200. Ukikokotoa nishati, utaona imeshuka kutoka juli 790 hivi hadi karibu juli 540, yaani takriban theluthi moja yote imepotea. Haijapotea hewani bila dalili: baruti nyingi ya .357 ni ya kuungua polepole, na kichwa cha risasi kinapotoka mdomoni mwa mtutu mfupi baruti hiyo bado inaungua, ndipo unapotokea mwali mkubwa ambao usiku humwacha mpigaji haoni mbele yake, pamoja na mshindo ambao ndani ya chumba unaweza kuharibu masikio kwa mpigo mmoja.

Kwa haki ya msomaji mwenzangu niseme wazi kwamba hata baada ya hasara hiyo, .357 bado inaishinda .38 kwa kasi na kwa nishati, na sipingani naye katika hilo. Ninachopinga ni kuichukulia nishati kana kwamba ndiyo kipimo cha mwisho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa .22 Magnum, ambayo baadhi ya wauzaji huwashauri akina mama na wazee waichukue kwa kuwa haisukumi mkono sana. Kichwa chake cha greni 40 kwa kawaida hupimwa kwa mtutu wa bunduki ndefu ya inchi 24, na sanduku linaandikwa futi 1,875 kwa sekunde au zaidi. Kampuni ya Speer, ilipotengeneza risasi ya .22 Magnum mahususi kwa mitutu mifupi, ilitangaza kwa uaminifu kasi ya futi 1,050 kwa mtutu wa inchi 1.9. Nishati imetoka zaidi ya juli 420 hadi juli 133 hivi, yaani chini ya theluthi moja ya kilichotangazwa kwenye masanduku mengine. Mtu aliyenunua kwa kusoma namba ya bunduki ndefu, akaiweka risasi hiyo katika rivolva ya mfukoni, ameuziwa kitu ambacho bastola yake haiwezi kumpa.

Nishati haiamui jambo kwa sababu majeraha ya risasi ya bastola hayafanyi kazi kama watu wanavyodhani. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki huko Miami, na maofisa wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Mapema katika mapambano hayo, risasi moja ya milimita 9 ilimpata mmoja wa majambazi mkononi, ikapenya hadi kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Jambazi huyo aliendelea kupiga na ndiye aliyesababisha sehemu kubwa ya madhara yaliyofuata. Risasi ile ilikuwa nyepesi, yenye kasi, na ilichanua kama ilivyokusudiwa. Kilichokosekana ni kina. Ripoti ya FBI iliyotolewa mwaka 1989 ilisisitiza kwamba risasi ya bastola haina budi kuzama angalau inchi 12, sawa na sentimita 30, ndani ya jelatini ya majaribio, yaani bonge laini linaloiga nyama ya mwili, na baadaye kiwango kinachokubalika kikawekwa kati ya inchi 12 na 18. Kina hicho kinaonekana kikubwa kuliko unene wa kifua cha mtu, lakini risasi haimkuti mtu akiwa amesimama wima akikutazama uso kwa uso. Humkuta amegeuka ubavu, amenyoosha mkono mbele ya kifua, au amevaa makoti mawili.

Jelatini yenyewe ina historia yake, na ningependa wasomaji waielewe kwa sababu video nyingi huonyesha majaribio yasiyofuata kanuni. Aliyeweka msingi imara wa kipimo hiki ni Dk. Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa Jeshi la Marekani aliyeongoza maabara ya utafiti wa majeraha ya risasi huko San Francisco. Yeye alitumia jelatini ya asilimia 10 iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, kwa kuwa ililingana vizuri na namna risasi inavyozama katika misuli. Kabla ya jaribio, jelatini hupigwa kwa gololi ndogo ya chuma kwa kasi ya futi 590 kwa sekunde, na gololi hiyo inatakiwa izame karibu sentimita 8.5, ikizama zaidi au pungufu kupita kiasi, bonge hilo halifai na matokeo yake hayalinganishwi na mengine. Fackler alionyesha pia kwamba kwa kasi za bastola, ule uvimbe mkubwa unaotanuka ndani ya jelatini na kurudi katika sekunde moja hiyohiyo hauleti madhara ya kutegemewa, kwa sababu nyama nyingi za mwili hunyumbuka. Kinachobaki ni tundu lenyewe, yaani upana wake na kina chake. Ukilielewa hilo, mvuto wa namba za nishati unapungua sana.

Sasa nije kwenye ulinganisho wa risasi zinazopatikana madukani, nikizungumzia mtutu wa inchi mbili peke yake. Risasi nyepesi za greni 110 zina faida ya kutosukuma mkono kwa nguvu, na nyingi huchanua vizuri zinapopigwa katika jelatini tupu. Tatizo ni kwamba zikichanua mapema husimama kabla ya sentimita 30, na zikikutana na nguo nzito tundu hujazwa nyuzi, risasi isichanue kabisa. Kwa hiyo mtu hajui ni ipi kati ya tabia hizo mbili atakayoipata. Hapa Ohio, ambako kuanzia Desemba hadi Machi kila mtu huvaa koti nene, jaribio la kupitisha risasi katika tabaka nne za kitambaa cha jinzi kabla ya kuingia kwenye jelatini lina maana kubwa kuliko picha nzuri ya risasi iliyochanua bila kupita kwenye kitu.

Risasi ya Speer ya greni 135, aina ya Gold Dot kwa mtutu mfupi, ilitengenezwa kwa kuwafikiria askari wa Polisi ya New York waliokuwa wakibeba rivolva ndogo kama silaha ya pili, na ni miongoni mwa chache ambazo mtengenezaji wake anatangaza kasi ya mtutu mfupi wenyewe: futi 860 kwa sekunde kwa inchi 1.9. Tundu lake limepanuliwa ili lifunguke kwa kasi ndogo. Kwa juli 300 tu, chini kabisa ya .357, risasi hii mara nyingi huchanua na bado ikafika kina kinachotakiwa, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba ubunifu wa kichwa cha risasi una uzito kuliko wingi wa baruti. Federal nayo ina risasi ya greni 130 iliyofuata njia hiyo, ambayo kichwa chake kimezamishwa ndani ya ganda mpaka kikalingana na mdomo wake. Ile ya zamani ya greni 158 ya madini laini ya risasi yasiyofunikwa kwa shaba, iliyotumiwa na FBI na idara nyingi za polisi kuanzia miaka ya 1970, bado ni nzuri kwa mwenye rivolva ya chuma kizito, ingawa katika mtutu mfupi kuchanua kwake si kwa uhakika.

Ninayoipendekeza kwa wanafunzi wangu wengi, hasa wenye mikono midogo au wenye maumivu ya viungo, ni ile ambayo wauzaji huidharau: risasi ya kulengea shabaha ya greni 148, yenye kichwa bapa kabisa. Kasi yake katika mtutu wa inchi nne ni karibu futi 700 kwa sekunde, na katika mtutu mfupi hushuka chini ya hapo. Haichanui, haina haja ya kuchanua, na haijali nguo iliyovaliwa. Kwa kuwa uso wake ni bapa, hukata tundu kamili la upana wake badala ya kusukuma nyama pembeni kama inavyofanya risasi ya pua ya duara, na huzama kina kinachotakiwa. Zaidi ya yote, mtu anaweza kuifanyia mazoezi bila kuanza kuogopa bastola yake. Upungufu wake ni wa kuijaza: kichwa bapa hakiingii haraka katika chemba, kwa hiyo anayetaka kubeba risasi za akiba huweza kuweka hizi kwenye silinda na za pua iliyochongoka kwenye kifaa cha kujazia.

Uzito wa bastola ndio jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa, nami naona ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa raia wa kawaida. Rivolva ya Smith & Wesson 642 yenye fremu ya aluminiamu ina uzito wa gramu zipatazo 410, Ruger LCR ya .38 ina takriban gramu 380, na zipo za .357 zenye fremu ya aloi ya skandiamu ambazo hazifiki gramu 340. Ukiipiga .357 kamili katika chombo chepesi kiasi hicho, mpini huchimba kiganja na mdomo wa mtutu huruka juu; mpigo wa pili huchelewa, na kwa mtu asiye na mazoezi mengi mpigo huo huenda kusikojulikana. Kifyatulio cha rivolva hizi huhitaji nguvu ya kilo tano hivi na mwendo mrefu wa kidole. Mtu aliyeumizwa na mpigo wa kwanza huanza kukaza misuli kabla ya mpigo unaofuata, na mtutu huinama chini kabla risasi haijatoka. Nimeliona hilo kwa watu wenye nguvu na kwa watu dhaifu, kwa vijana na kwa wazee. Risasi iliyokosa shabaha haina kina wala upana wa kujadiliwa, na nchini humu kila risasi iliyotoka kwenye bastola yako ni dhamana yako mbele ya sheria, hata ikiwa imepita ukuta wa jirani.

Fremu nyepesi zina tatizo jingine ambalo halionekani mpaka siku linapotokea. Bastola inaporudi nyuma kwa nguvu, maganda ya risasi ambazo hazijapigwa hurudi pamoja nayo, lakini vichwa vyake vizito hubaki mahali pake na kuanza kuchomoka taratibu. Kichwa kikitokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena, na bastola inageuka kipande cha chuma. Kwa sababu nyingine, ya kuzuia silinda ya titaniamu isilike mapema, baadhi ya rivolva za skandiamu zimeandikwa kwenye mtutu kwamba zisitumie .357 yenye kichwa chini ya greni 120. Njia ya kulichunguza ni rahisi na kila mwenye bastola nyepesi anapaswa kuifanya uwanjani: ujaze tano, upige nne, kisha uitoe ya tano bila kuipiga na uipime urefu ukiilinganisha na nyingine kutoka sandukuni. Ikiwa imerefuka kwa kiasi kinachoonekana, risasi hiyo si ya bastola hiyo, hata kama ingesifiwa na nani.

Jambo la kulenga nalo lina athari yake. Vilengeo vya rivolva hizi ni vya kudumu, havirekebishwi, na nyingi ziliwekwa kwa kufuata kichwa cha greni 158. Kichwa chepesi chenye kasi hutoka mtutuni mapema, kabla mtutu haujainuka sana, na kwa hiyo hupiga chini ya palipolengwa. Kizito chenye mwendo wa polepole hupiga juu zaidi. Kwa mita saba tofauti inaweza kuwa ya sentimita kadhaa. Mtu aliyefanya mazoezi kwa risasi za bei nafuu za greni 130, kisha akaweka nyepesi za greni 110 siku ya kubeba, hajawahi kuijua bastola yake.

Niongeze neno kuhusu swali ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki huniuliza, la kwa nini majeshi hayatumii risasi zinazochanua kama ni nzuri. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilizuia risasi hizo katika vita baina ya mataifa, na halihusu polisi wala raia. Waingereza, walioachana na .455 baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuchukua risasi ya .38 yenye kichwa laini cha greni 200, walikuja kuwa na hofu kwamba kichwa hicho kingehesabiwa kuvunja azimio hilo, na karibu na Vita Kuu ya Pili wakakibadilisha kwa cha greni 178 kilichofunikwa kote. Nalitaja hili pia kwa usalama: risasi hiyo ya rivolva za Kiingereza za Webley na Enfield za enzi za ukoloni ina ganda fupi na kichwa kinene kidogo kuliko .38 Special, na mtu asidhani kwamba kwa kuwa zote huitwa .38 zinabadilishana.

Kwa upande wa sheria nitasema machache tu. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida haimruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa hali chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, wakati mkazi wa kudumu anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine. Majimbo nayo hutofautiana. New Jersey, kwa mfano, inabana ubebaji wa risasi zenye tundu puani nje ya nyumba. Anayehama jimbo aulize kwanza.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako linapochapisha kasi ya risasi yoyote, iwe katika barua au katika tangazo, liandike pia urefu wa mtutu uliotumika kuipimia. Mstari huo mmoja utamsaidia msomaji kuliko sifa zote zinazoandikwa chini yake.

Na kwa msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba amemnunulia mke wake rivolva ya .357 ya inchi mbili: bastola hiyo inafaa, na hana haja ya kuibadilisha. Aijaze .38 za greni 148 zenye kichwa bapa, ampeleke mke wake uwanjani, na baada ya mazoezi ya kutosha amwache yeye mwenyewe aamue kama anataka kupanda hadi greni 135 za +P. Akumbuke tu kwamba ganda la .38, kwa kuwa ni fupi, huacha pete ya masizi ndani ya chemba za .357. Pete hiyo isiposafishwa kwa brashi ya shaba, siku atakapotaka kurudi kwenye .357 maganda yatakataa kuingia mpaka mwisho, au yataingia kwa shida na kugoma kutoka.

Mkufunzi wa matumizi salama ya silaha,
Columbus, Ohio.